Sura ya 7: Kuizunguka Ghuba ya Mwanza kwa Baiskeli

Mwenye nia ya kuizunguka Ghuba ya Mwanza kwa baiskeli asingoje Krismasi. Wakati wake ni kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba, kiangazi kinapofika ukingoni na vuli ikiwa bado inapiga hodi. Njia za vumbi zimekauka na kushikamana, mabonde yanapitika, miembe imebeba embe changa, na mashamba yamesafishwa yakisubiri mbegu za pamba zitakazopandwa mwezi Novemba. Mvua zikishakolea, udongo mweusi wa mabondeni unageuka ulimbo. Unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka, na badala ya baiskeli kukubeba wewe, unaibeba wewe.

Njia yenyewe ni rahisi kueleza. Unatoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga, unapita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani na Buhongwa hadi Usagara. Hapo unakata kulia kwenda Kigongo, unavuka Daraja la J.P. Magufuli hadi Busisi, unapanda vilima mpaka Sengerema, kisha unageukia kaskazini kupitia Katunguru hadi Kamanga, ambako kivuko kinakurudisha mjini. Mzunguko wote hauzidi kilomita 110. Huku hatuna milima ya theluji wala makorongo ya kutisha kama ya Kitonga. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kinachopandwa ni vilima vya mawe, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kifupi na kila kimoja kikidai jasho lake. Mtu akivihesabu kimoja kimoja anavidharau. Akivikusanya jioni, miguu inamwambia kwamba ameupanda mlima.

Jambo la kwanza la kujua kabla ya kutoka ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa yake nzito huteremka kuelekea ziwani. Mchana ardhi ikishachemka mambo yanageuka, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, tena kwa nguvu. Kwa hiyo asubuhi hewa ni tulivu, lakini mchana, unapotoka Sengerema kurudi Kamanga, unaupokea upepo usoni hadi mwisho wa safari. Ndiyo maana wenyeji wa njia hii huondoka saa kumi na moja alfajiri. Pepo hizo za usiku, zikitoka pande zote za nchi kavu, hukutana juu ya ziwa na kuisukuma juu hewa yenye unyevu, ndiyo sababu ngurumo za vuli mara nyingi huzaliwa majini usiku na kufika ufukweni kabla ya mapambazuko. Ukiona radi zinapiga upande wa ziwa wakati unajaza upepo tairi, rudi ndani unywe chai kwanza.

Kutoka mjini hadi Buhongwa barabara inapita kati ya vilima ambavyo mgeni huvishangaa: mawe makubwa kama nyumba yamepangwa juu ya mengine, na nyumba za watu zimejengwa katikati yake. Mawe hayo ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, sehemu ya mwamba wa kale unaobeba katikati ya Tanzania. Hayakuletwa na mtu wala hayakuporomoka kutoka mahali popote. Yalipasuka yakiwa chini ya ardhi, maji yakapenya kwenye nyufa na kuyala kingo kwa mamilioni ya miaka, na udongo uliokuwa umeyafunika ulipochukuliwa na mvua yakabaki yamesimama yalivyo leo. Ukipita ndani ya gari unayaona kama picha tu. Kwa baiskeli yanakugusa: alfajiri yanatoa baridi, na saa nane mchana yanarusha joto usoni kiasi cha kukufanya utafute kivuli.

Saa kumi na mbili asubuhi barabara ya Buhongwa ni ya baiskeli. Wewe unatoka mjini, wenzako wanaingia: maziwa ndani ya madumu, mchicha na majani ya maboga, matenga ya kuku, mbao, majani ya ng'ombe, na mkaa. Mkaa ndio mzigo wa kuangalia kwa makini. Gunia moja linalazwa kwa upana juu ya keria, la pili linasimamishwa juu yake likiegemea siti, na yote yanafungwa kwa vipande virefu vya mpira uliochanwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Kamba ya katani hulegea mzigo ukitikisika, lakini mpira hujivuta na kurudi, kwa hiyo mkazo haupotei. Keria ya dukani haiwezi kazi hiyo, na mchomeleaji huiongezea vyuma vya nondo hadi karibu na ekseli. Nyuma ya siti inafungwa fimbo ya mti mgumu iliyosimama wima, kwa sababu kilima kikianza hakuna atakayepiga pedeli. Mwenye mzigo anashuka, mkono mmoja unashika hendeli, mwingine unashika fimbo, na baiskeli inasukumwa huku mwili wote umeinama. Kwenye mteremko hali ni ngumu zaidi. Breki za vyuma hazitoshi kuushika uzito huo, kwa hiyo mtu huzuia kwa mabega na visigino.

Katika mpando wa Mkolani nilikutana na mzee mmoja mwenye mzigo wa namna hiyo akipumzika, baiskeli ameiegemeza kwenye jiwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unaenda wapi na baiskeli tupu?"

"Nazunguka tu, hadi Sengerema, nirudi na kivuko."

"Basi nenda salama. Ila huko mbele usiiachie kwenye mteremko. Malori yanatanua."

Alitumia pumziko lake kunionya mimi, ambaye sikuwa na kilo hata moja nyuma yangu. Nimeyasikia maneno ya aina hiyo kutoka kwa waendesha baiskeli wengi wa Kanda ya Ziwa. Wanajuana kwa hatari wanayoshiriki.

Baiskeli zao karibu zote ni za aina moja, Phoenix ya China au Avon ya India, fremu nyeusi ya chuma, magurudumu ya inchi 28, hazina gia. Wenye umri mkubwa wanaikumbuka pia Swala, iliyotengenezwa hapa nchini. Mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza baiskeli ya namna hiyo karibu mita tano. Kwenye tambarare za Usukuma kipimo hicho kinafaa sana, kinamfikisha mtu mbali bila haraka. Kilimani ndicho kinachomshusha chini. Baiskeli ya gia inamruhusu mpandaji kupunguza hatua hadi mita mbili au chini ya hapo, akaendelea kukaa kwenye siti huku akipumua vizuri.

Wasomaji wanaotazama mashindano ya Ufaransa kwenye televisheni huenda wakadhani gia ni haki ya mwendesha baiskeli tangu zamani. Sivyo. Mashindano ya Tour de France yalipopitishwa kwa mara ya kwanza kwenye mlima Galibier mwaka 1911, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, kwenye njia ya mawe na matope, wapandaji hawakuwa na gia za kubadilisha wakiwa njiani. Aliyetaka jino jepesi alisimama, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wa pili, akafunga tena. Mkuu wa mashindano, Henri Desgrange, alizikataa gia za kubadilisha kwa miaka mingi, na ziliruhusiwa 1937. Wengi walisukuma kwa mikono katika milima ile, na Wafaransa wakawaita mashujaa. Mzee wa Mkolani anafanya kazi ileile akiwa na magunia mawili, na hakuna anayemsubiri kileleni kwa shangwe. Mimi namhesabu katika kundi lilelile.

Usagara ni mahali pa kunywa chai. Ni njia panda: moja inakwenda Shinyanga na hatimaye Dar es Salaam, nyingine inakwenda Geita, na ukiendelea mbele kupitia Geita unaweza kufika Rusumo, mpakani na Rwanda. Septemba 2025 jirani zetu hao waliandaa mjini Kigali mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mwaka mmoja kabla yake Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani. Vijana wanaopakia abiria kwenye keria huku kwetu wana mapafu na mapaja ya kutosha. Walichokosa ni baiskeli nzuri, kocha na ratiba ya mashindano isiyokatikakatika.

Pembeni ya mama muuza chai yupo fundi baiskeli, chini ya mwembe, vifaa vyake vyote vimo ndani ya boksi la mbao: bisibisi, spana, koleo, gololi kwenye kopo la mafuta mazito, sulisheni, viraka vilivyokatwa tayari, na pampu ya kusimama. Gurudumu langu la nyuma lilikuwa limepinda kidogo. Hakuligusa kwanza. Aliipindua baiskeli, akalizungusha, akaweka ukucha wa kidole gumba karibu na rimu akasikiliza mahali linapogusa. Kisha akakaza spoku mbili upande mmoja, akalegeza mbili upande wa pili, nusu mzunguko tu, akazungusha tena. Alirudia hivyo mpaka ukucha haukusikia kitu. Ufundi huo aliurithi kwa baba yake, aliyeanza kazi wakati wa pamba.

Wakati wa pamba ndio uliozijaza baiskeli Usukumani, na hapo lazima nisimame kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili mkulima wa huku aliuza pamba kwenye mizani ya mfanyabiashara, na kwa muda mrefu aliamini kwamba mizani hiyo inamwibia. Wakulima wakaanza kuchagua wapimaji wao wenyewe wa kusimama kituoni na kuhakiki uzito. Kutokana na hao wapimaji vikazaliwa vyama, na kijana Paul Bomani akavikusanya. Mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha ushirika cha Victoria Federation of Co-operative Unions, kilichokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika Afrika. Miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ilikuwa imeipiga TANU marufuku katika Jimbo la Ziwa, marufuku iliyoanza 1954 na kudumu hadi 1958, kwa hiyo mikutano ya pamba ndiyo ilikuwa nafasi ya watu kukaa pamoja na kuzungumza mambo yao. Fedha za pamba zilipoingia mkononi, vitu vya kwanza kununuliwa vilikuwa ng'ombe, mabati na baiskeli. Kwa baiskeli hizo watu waliyafikia magulio, zahanati na mikutano. Mtu akisema baiskeli ni umaskini, hajui nani aliibeba historia ya mkoa huu.

Kutoka Usagara barabara inashuka kuelekea ghuba, na kabla hujafika Kigongo unaliona daraja. Nguzo zake kuu tatu zinasimama katikati ya maji zikiwa zimeshika nyaya. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais John Magufuli Desemba 2019, na Rais Samia Suluhu Hassan akalifungua tarehe 19 Juni 2025. Urefu wake ni kilomita 3, na limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Kabla ya hapo palikuwa na kivuko, na kila aliyewahi kusafirisha mgonjwa, samaki au maiti kati ya Geita na Mwanza ana simulizi ya foleni ya Kigongo. Mama wajawazito walisubiri hapo pamoja na malori. Wauza ndizi, karanga na samaki wa kukaanga walijua ratiba ya kivuko kuliko wasafiri.

Kwa baiskeli daraja linachukua takriban robo saa, nami nawashauri wote wasiliharakishe. Pana njia za watembea kwa miguu pande zote mbili, na kati ya hizo na magari pana nafasi ya pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu utoke mjini mgongo wako hausikilizi honi. Tazama chini. Mitumbwi ya dagaa inarudi, taa zake zimezimwa, kwa maana dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi kwa kuvutwa na mwanga. Maji unayoyaona yamechunguzwa kuliko sehemu nyingi za Ziwa Victoria: tangu 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wakiorodhesha aina za furu wa ghuba hii, samaki wadogo wa rangi nyingi waliokuwa na mamia ya jamii. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alipoongezeka kwa kasi miaka ya 1980, jamii nyingi za furu zilitoweka mbele ya macho ya waliokuwa wakiziandika. Sangara huyohuyo alijenga viwanda vya minofu Mwanza na kuwapa watu kazi. Mambo yote mawili ni kweli, na mtu wa ziwa hana budi kuishi nayo.

Mashariki ya daraja, kwenye ukingo uleule uliouacha nyuma, alipita John Hanning Speke mwaka 1858 akitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akiongozana na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao. Tarehe 3 Agosti akaliona ziwa kutoka kilimani na kulipa jina la malkia wake. Waliokuwa wakilivua na kulivuka kila siku walikuwa na majina yao tayari.

Baada ya Busisi safari inabadilika. Lami inaanza kupanda, inashuka kidogo, inapanda tena, na saa nne asubuhi jua limekwisha kuwa kali. Hapa ndipo siku inapoamuliwa. Shauri langu: usisimame kwenye pedeli, weka jino jepesi mapema kabla kilima hakijakubana, kunywa maji kila baada ya kilima hata kama huna kiu, na ukiwa na baiskeli isiyo na gia, shuka usukume bila aibu. Kusukuma ni sehemu ya kuendesha. Wanawake wanaorudi kisimani watakupita wakiwa na ndoo kichwani. Wasalimie kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Pole na kilima."

Kando ya barabara, juu ya mabapa ya mawe, imeanikwa michembe: viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuachwa jua lifanye kazi. Wengine huvichemsha kwanza, wakapata matobolwa, meusi kidogo na matamu zaidi. Jiwe la kijivu lililopashwa moto tangu asubuhi hukausha kutoka chini wakati jua linakausha kutoka juu, kwa hiyo halihitaji chanja. Vikikauka sawasawa hulia vikigongana mkononi, na huwekwa akiba kwa ajili ya miezi ya njaa kabla ya mavuno mapya. Nilipewa konzi moja ya matobolwa, nikaitafuna hadi Sengerema. Katika vyakula vyote nilivyowahi kubeba kwenye baiskeli, sijapata kinachokaa tumboni vizuri kuliko hicho, nacho hakiyeyuki wala hakina karatasi ya kutupa njiani.

Sengerema ni mji wa kula chakula cha mchana, kujaza maji na kutafuta kivuli hadi jua lipungue. Ugali na sato si ghali, na mafundi wapo. Kutoka hapo kurudi Kamanga vilima vinakuwa vifupi, kuna vumbi jekundu pembeni, mihogo, mashamba yaliyolimwa kwa ng'ombe, na kisha ule upepo nilioutaja. Mkiwa wawili au watatu, fuataneni kwa karibu na mpokezane kukaa mbele, kwa sababu wa nyuma anapumzika sana. Aliye peke yake apunguze mwendo tu. Kivuko cha Kamanga kinapakia magari, ng'ombe, matenga na baiskeli, na kuvuka hadi mjini kunachukua muda wa kutosha kukausha fulana.

Sasa niseme nililokuja kulisema katika sura hii. Mzunguko huu ni mzuri kiasi cha kuvuta wageni kutoka duniani kote, na ungeweza kuwapa kipato mama wa chai wa Usagara, fundi wa chini ya mwembe na wauza matobolwa wa vilima vya Busisi. Kinachouzuia ni ukosefu wa nafasi ya mita moja na nusu. Daraja limejengwa likiwa na sehemu ya mtu asiye na gari, na hakuna aliyelalamika kwamba ni anasa. Ukishuka darajani, nafasi hiyo inakwisha. Bega la barabara linakuwa jembamba, limemegeka au limefunikwa mchanga, na mwenye magunia ya mkaa analazimika kuchagua kati ya tairi la lori na mtaro.

Wanaopanga barabara za Kanda ya Ziwa wanajua idadi ya magari yanayopita kila siku. Wahesabu na baiskeli, alfajiri, pale Buhongwa, kabla ya kuchora mchoro mwingine wowote. Wabunge wa majimbo ya ghuba hii waulize bungeni kwa nini mabega ya barabara yasipanuliwe kila lami inaporudiwa. Na wewe dereva wa basi, wa lori au wa gari lako binafsi, ukimkuta mtu anasukuma mzigo mlimani, punguza mwendo, subiri nyuma yake hadi upande wa pili uwe wazi, kisha umpite ukimwachia nafasi ya mita moja na nusu.